Sindano Kumi na Mbili za Matiri

Watu wa kijiji chetu cha Matiri wananiita Fahali, na wanaoniita hivyo kwa sauti kubwa zaidi ni wale ambao ndama wao wote wamepatikana kwa mkono wangu. Zamani nilikuwa nakasirika. Mimi ni Bwana Mifugo mwenye cheti, nina koti jeupe na pikipiki ya serikali, halafu mtu mzima anasimama kando ya barabara na kupaza sauti: "Fahali huyo anapita, fungeni majike!" Siku hizi nimestaafu serikalini, nakihudumia kikundi cha wafugaji tu, nacheka kabla yao.

Kazi yangu ilikuwa uhimilishaji. Ng'ombe akitaka dume, mwenye ng'ombe ananiita, nami naenda na mbegu ya dume wa maziwa ambaye hajawahi kukanyaga ardhi ya Mbinga. Mbegu inakaa kwenye mrija mwembamba kama bua la nyasi, mirija inakaa ndani ya mtungi, na ndani ya mtungi kuna naitrojeni, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Baridi yake inakaribia nyuzi mia mbili chini ya sifuri. Mtungi wenyewe umejengwa kama chupa ya chai: kuta mbili, na katikati yake hamna kitu, hata hewa.

Sasa niseme jambo ambalo halimo kwenye cheti changu. Ukiinua mrija hadi shingoni mwa mtungi ili uuchukue kwa kibano, una sekunde nane. Ukizidisha, joto limeingia na umeua ndama ambaye hajatungwa. Saa yangu iliibiwa Songea mwaka wa kwanza wa kazi, nikaanza kuhesabu kwa Salamu Maria. Nusu ya kwanza, kwa mwendo wa rozari ya kwetu, ni sekunde nane bila kupunguza wala kuongeza. Pale katikati, anayeongoza anaponyamaza ili wengine wapokee, mkono wangu uwe umeshamaliza.

Nusu ya pili naiweka. Baada ya miezi mitatu narudi kumpima ng'ombe, na akiwa ameshika mimba tunaisema pale pale zizini, mimi na mwenye ng'ombe. Asiposhika, sala inabaki imekatika. Mke wangu Avelina, aliyezaliwa Mwanglikana kule Liuli ziwani akawa Mkatoliki kwa ajili yangu, anasema siku ya mwisho nitafika mbinguni na gunia la sala za nusunusu. Lakini Matiri nzima inaijua desturi hii, na hakuna mfugaji anayeicheka.

Binti yetu Ottilia alikulia kando ya mtungi huo. Akiwa na miaka saba alichovya ua la kahawa ndani ya naitrojeni, akaliangusha sakafuni, likavunjika kama sahani. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumkaripia, akaniwahi kwa swali ambalo hakuna mkufunzi aliyewahi kuniuliza.

"Baba, kama baridi inavunja ua, mbona mbegu za dume hazifi?"

Nikamweleza nilivyofundishwa, kwamba kinachoua si baridi. Kinachoua ni barafu. Maji yakiganda kwa kuchelewa yanapata muda wa kujipanga, yanaota ncha kali, na ncha hizo zinachoma kila kitu kilicho hai. Ndiyo maana mbegu huchanganywa na dawa, ili maji yasipate nafasi ya kuota ncha. Mimi nasema siku ile ndiyo alianza safari, ingawa safari yenyewe ilipitia sekondari, ikapitia Morogoro, ikafika Ujerumani.

Huko Ujerumani anafanya kazi ambayo nimeieleza mara nyingi vilabuni na baada ya misa, na sioni aibu kuieleza tena. Wanagandisha tone la maji kwenye ncha ya sindano ya chuma, ncha ambayo jicho halioni mwisho wake. Wanaligandisha ghafla kiasi kwamba maji hayajui yameganda. Yanabaki yamekaa vilevile yalivyokuwa, kama kioo. Kisha kuna mashine inayochuma atomu kutoka kwenye ncha hiyo, moja baada ya nyingine, na kuandika kila moja ilitoka wapi. Mwisho kompyuta inazirudisha zote mahali pake, unaona picha ya maji, na ya kitu kilichokuwa ndani ya maji, atomu kwa atomu. Ukiniambia kuna binti mwingine wa Matiri anayefanya hivyo, nitajie jina lake.

Mwezi wa tatu mwaka jana, katikati ya Kwaresima, Ottilia alikuja nyumbani na mtungi mpya unaong'aa kutoka maabara yao. Alikuja kwa ajili ya kichocho. Ziwani kwa mama yake kuna konokono wanaotoa vimelea asubuhi jua likipanda, na vimelea hivyo vinaingia kwenye ngozi ya mtu anayeoga au kufua. Kila kimelea kimevaa ute, na ute huo umeshika maji. Ottilia alitaka kuona maji yale yamekaaje juu ya ute, kwa sababu ndipo dawa ya kuzuia ingeweza kushika. Kaka wa Avelina, Meshack, alikufa kwa kichocho akiwa kijana. Zamani kule mvulana akikojoa damu walisema amekuwa mwanaume, na Meshack alishangiliwa kwanza kabla ya kuuguzwa.

Vibali vilimchukua Ottilia miaka miwili. Maabara ilimwambia wazi kwamba ni safari hii moja tu. Asiporudi na sampuli, mashine inapewa mtu mwingine na kichocho kinasubiri.

Jirani yangu Bartholomayo alipolisikia hilo alicheka. Bartholomayo ni katekista wetu, na pia ni mwenyekiti wa kikundi cha wafugaji wa maziwa, kwa hiyo ana uhakika na kila kitu mara mbili.

"Shikamoo, Mwalimu," Ottilia alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umesoma miaka kumi na moja ili ugandishe maji. Mama Kunigunda ana friji pale dukani. Ungemuuliza tu."

Ottilia alicheka. Mimi sikucheka. Nikasema, "Friji ya Kunigunda inagandisha maji kama wewe unavyoongoza rozari, taratibu mpaka watu wanaota ncha." Hatukusemeshana siku mbili.

Tuliteremka ziwani siku ya Alhamisi, Ottilia, Avelina na mimi, mimi nikiwa mbeba mtungi, na nilikitaka cheo hicho mwenyewe. Shemeji yangu Jastin alikuwa ameshakusanya konokono katika mabeseni. Asubuhi ya Ijumaa Ottilia aliweka meza ndogo uani kwa Jastin, hatua thelathini kutoka maji ya ziwa, akachovya sindano moja moja kwenye tone lenye vimelea na kuitumbukiza kwenye kikombe chake cha baridi. Ilikuwa haraka kuliko kupepesa jicho. Kila sindano ikaingia kwenye kichupa chake chenye naitrojeni kidogo. Kutwa nzima aliharibu nyingi, lakini kumi na mbili aliziamini. Avelina alisimama nyuma yake muda wote, na tulipokuwa tunafunga mizigo alisema, "Meshack angekuwa na miaka sitini sasa." Kisha akaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa yameshaoshwa.

Jumamosi alfajiri tulipanda kurudi. Barabara ya kutoka Mbamba Bay mpaka Mbinga mjini siku hizi ni lami, gari linapanda mlima kwa kona baada ya kona, na mtungi niliukumbatia katikati ya magoti. Tulifika Matiri wakati wafugaji wanaleta maziwa kwenye kituo cha kikundi. Niliuteremsha mtungi pale uani nipumzike mgongo, na hapo ndipo nikaona.

Mabegani mwa mtungi, kwa nje, palikuwa na jasho. Nikaligusa. Halikuwa jasho tena, lilikuwa theluji nyembamba nyeupe.

Mtu ambaye hajafanya kazi hii angeona urembo tu. Mtungi mzima haujui jasho, kwa sababu baridi haivuki ule utupu katikati ya kuta. Ukiona theluji kwa nje, hewa imeingia katikati. Mtungi umekufa na naitrojeni inakimbia. Sijui uligongwa wapi, kwenye ndege au kwenye basi la Songea. Nikachovya rula ya kupimia, nikaitoa, nikaipunga. Weupe ulipanda sentimita nne tu, na hicho ndicho kina cha naitrojeni iliyobaki.

"Ottilia," nikasema, "mtungi wako una saa chache."

Alitazama ile theluji, na uso wake ukarudi kuwa wa mtoto wa miaka saba. Hakulia. Alipiga simu tatu pale pale, na ya mwisho ikampa jibu: mtungi mwingine ungetoka Dar es Salaam, lakini ungefika baada ya siku tisa.

Kwenye kituo kulikuwa na mtungi mwingine mmoja, na niliujua kama ninavyoujua mkono wangu. Ni mtungi wangu wa zamani, ambao kikundi kilininunua nao, kama Bartholomayo anavyopenda kusema. Ndani yake mlikuwa na mirija ya mbegu ya wanachama. Nafasi ilikuwepo. Naitrojeni ndiyo ilikuwa haba, maana zamu yetu ya kujaziwa ilikuwa baada ya Pasaka. Nikapima. Tukiongeza ile ya Ottilia, ingetosha siku tisa, labda kumi, kwa sharti moja: mtungi usifunguliwe hata mara moja. Kila unapoufungua kuchukua mrija, unapoteza baridi ya nusu siku.

Maana yake ni kwamba kwa siku tisa hakuna ng'ombe wa Matiri angehimilishwa. Ng'ombe akipitwa na joto lake, unasubiri wiki tatu nyingine, na wiki tatu za ng'ombe mkavu zinaonekana mezani kwa watoto. Mtungi haukuwa wangu. Ulikuwa wa kikundi, na mwenyekiti alikuwa amesimama palepale na ndoo yake ya maziwa, mtu ambaye nilimwambia anafanya watu waote ncha.

Nilianza kumwendea Bartholomayo. Lakini Ottilia hakunisubiri. Aliwasimulia wafugaji wote, kwa Kimatengo chake kilichoanza kuota kutu, nini kiko ndani ya sindano na kwa nini. Aliwaambia mashine inachuma kama sisi tunavyochuma kahawa, punje iliyoiva peke yake, si kukwangua tawi. Tofauti ni kwamba hii inakumbuka kila punje ilikuwa tawi gani. Aliwaambia sindano zikipata joto mara moja tu, maji yataota ncha na ute utachanika. Halafu akamtaja mjomba wake Meshack.

Bartholomayo aliweka ndoo chini.

"Umesema siku ngapi?"

"Tisa, Mwalimu."

"Siku tisa za sala ni novena," akasema. "Tumeshafanya novena kwa mambo madogo kuliko hili. Tulifanya hata kwa ajili ya timu ya parokia, na ikafungwa. Kuna mwenye neno?" Hakuna aliyekuwa na neno. Akanigeukia. "Fahali, hamisha."

Vishikio vya mtungi mpya, vile vikombe virefu vinavyobeba vichupa, havikupita kwenye shingo ya wetu, kwa hiyo ilibidi vichupa vihame kimoja kimoja. Kichupa kinabeba naitrojeni yake kidogo. Ikikauka hewani, sindano imekufa. Ottilia alinipa kibano. "Mikono yangu inatetemeka, Baba," alisema. "Yako haijawahi." Nina miaka sitini na saba na si kweli kwamba haijawahi, lakini sikuwa tayari kumwambia hivyo mbele za watu.

Nikashusha kibano, nikashika kichupa cha kwanza, nikaanza kimoyomoyo kama kawaida. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu ananiongozea kwa sauti. Alikuwa Bartholomayo. Kufika neno la tatu uwanja mzima ulikuwa unasali, watu ishirini na zaidi, wengine ndoo bado mkononi. Walipofika katikati wakanyamaza kwa pamoja, na katika kimya hicho kichupa kilikuwa kimeshazama ndani ya mtungi wa kikundi.

Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu, cha nne. Niliacha kuhesabu, niliwaachia wao, nikawa nasubiri kimya chao tu. Sijawahi kufanya kazi vizuri namna ile maishani mwangu.

Kwenye kichupa cha saba Bartholomayo alisahau. Mdomo wake umeongoza rozari miaka thelathini, na ulipofika katikati haukusimama. Ukavuka kwenye nusu ya pili, na uwanja mzima, kwa mazoea ya ubatizo wao, ukavuka naye. Mimi nilikuwa nasubiri kimya. Kimya hakikuja. Walipofika kuombea wakosefu nikashtuka na kuona kichupa bado kiko hewani, moshi wake umekwisha.

Nikakizamisha. Ottilia alikuwa amefumba macho.

"Ya saba," akasema polepole, "niandikie ya saba pembeni, Baba."

Bartholomayo alikuwa amevua kofia. Uso wake sijawahi kuuona namna ile, hata kwenye mazishi ya mkewe. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, yale ya friji na mengine mapya, nikayameza. "Mwalimu," nikamwambia, "zimebaki tano. Ongoza." Akaongoza, na alipofika katikati aliuziba mdomo wake kwa kofia. Tano zote zilipita salama.

Basi tukakaa siku tisa. Mtungi niliuweka nyumbani kwangu, chumba cha ndani, nikaufunika blanketi ambalo halisaidii kitu. Siku ya sita asubuhi Bartholomayo akatokea mlangoni na kamba ya ng'ombe mkononi. Nyuma yake, kutoka bondeni, nilimsikia ng'ombe wake Mapendo analia. Ng'ombe halii hivyo kwa njaa. Yule alikuwa kwenye joto, na Bartholomayo alikuwa amelisubiri joto hilo tangu Krismasi.

Alisimama. Alitazama blanketi, nami nikamtazama yeye. Sikujua ningesema nini akiomba, maana mtungi ulikuwa wake kuliko wangu.

"Nimekuja kuutazama mtungi," akasema hatimaye, "kama haujatoka jasho."

Akainama, akapapasa mabega yake kwa kiganja. "Mkavu," akasema. Akaizungusha kamba mkononi, akaondoka. Mapendo alilia mpaka alasiri, na kila alipolia moyo wangu ulimpigia saluti yule mtu.

Mtungi kutoka Dar es Salaam ulifika siku ya tisa, shingo yake pana, kikombe chetu chenye vichupa vyote kikaingia kwa mpigo mmoja. Ottilia akaondoka nao. Baada ya Pasaka gari la naitrojeni lilifika, na joto la Mapendo liliporudi nilimhudumia yeye kwanza. Mwezi wa nane mwanzoni nilimpima, akawa ameshika. Nikasimama zizini tayari kumalizia sala. Bartholomayo akanishika mkono.

"Tusiiseme bado," akasema. Sikumwelewa, lakini zizi ni lake.

Wiki mbili baadaye, kahawa ikiwa kwenye vichanja, Ottilia alipiga simu ya picha. Nilikimbia na simu mpaka kituo cha maziwa, Avelina akinifuata, nikaisimamisha juu ya meza ya kupimia, wafugaji wakajibana. Alikuwa na koti jeupe, kama langu la zamani. Nyuma yake kulikuwa na skrini kubwa, na juu ya skrini kulikuwa na nukta maelfu kwa maelfu, za buluu, nyekundu na kijivu, zimejipanga mfano wa ncha ya sindano.

"Buluu ni maji," akasema. "Ni maji ya Liuli, Mama, yamekaa kama yalivyokuwa yamekaa uani kwa Mjomba Jastin. Na hizi za kijivu ni ute. Hakuna aliyewahi kuuona namna hii, mimi na nyinyi ndio wa kwanza."

Avelina alisogeza uso wake karibu na simu mpaka akaifunika, ikabidi tumvute. Alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, sifichi.

"Ngapi?" akauliza Bartholomayo kwa nyuma.

"Kumi na moja zimefika salama, Mwalimu. Ya saba iliota ncha." Akabonyeza kitu, picha nyingine ikatokea, buluu yote imejipanga mistari mistari na kijivu kimechanika vipande. "Lakini wakubwa hapa wameipenda hiyo kuliko zote. Tunaziweka pamoja, nzima na iliyoharibika, ndipo mtu anaamini kwamba zile kumi na moja ni za kweli. Bila ya saba wangetubishia."

Kituo kizima kilimgeukia Bartholomayo. Yeye hakucheka wala hakujivuna. Alivua kofia, akajongea mpaka mbele ya simu.

"Tuna sala zilizobaki," akasema. "Kumi na moja. Ile ya saba niliimaliza mwenyewe siku ile, Mungu anisamehe." Akanitazama. "Na ya kumi na mbili ni ya Mapendo. Ameshika. Nilimwambia Fahali tuisubirishe, nilitaka ziende kumi na mbili."

Hapo nikamwelewa. Nikamshika bega.

Akaanza nusu ya pili. Tukapokea wote, na kutoka ndani ya simu tukasikia sauti ya Ottilia nayo inapokea. Tulizisema zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, kwa mwendo wa kwetu, na safari hii hakuna aliyekuwa na haraka.